Jibu la Mama Fundi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Mama Fundi alipiga pasi ovaroli ya mwanawe. Alianza na kola, akaja mikono, akamaliza na miguu. Alisimamisha mikunjo mpaka ungedhani ovaroli ile inakwenda harusini.

Pasi alikuwa anaijua. Alikuwa dobi katika hospitali ya mji. Shuka za wodi zote zilipita mikononi mwake. Lakini hakuna shuka aliyoinyoosha kwa mapenzi kama alivyoinyoosha ovaroli ile ya buluu.

Tatizo lilikuwa moja tu. Mwenye ovaroli hakuwa na kazi.

Mwanawe huyo alisoma chuo cha ufundi cha serikali. Alisomea majokofu: friji, friza na vyumba vya baridi. Siku alipopewa cheti, mtaa mzima uliacha kumwita jina lake. Wakamwita Fundi. Mama yake naye akawa Mama Fundi. Jina lilimkaa vizuri. Akiitwa dukani, alichelewa kuitika makusudi, ili aitwe tena.

Baada ya chuo, Fundi aliajiriwa katika kituo cha maziwa. Hapo wafugaji walileta maziwa yao yapozwe. Hakumaliza hata mwezi. Chumba cha baridi kiliacha kupoza, akaambiwa akitengeneze. Alifungua boksi la vifaa. Akatoa geji, kile kipimo cha presha ya gesi. Akaishika, akaigeuza, akaitazama tena. Chuoni aliichora geji ile vizuri sana, na mwalimu alimpa alama nyingi. Lakini hakuwahi kuifunga kwenye mashine.

Mpaka mchana alikuwa bado anahangaika. Maziwa ya watu yakachacha yote.

"Kijana, una cheti?" msimamizi wa kituo alimuuliza.

"Ninacho, mzee."

"Basi nenda nacho. Mimi nilitaka fundi."

Jioni hiyo familia ilikaa sebuleni. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Ni mtu wa mizaha, lakini siku hiyo mizaha ilimkauka. Mdogo wake Fundi, binti aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo haumkai, naye alinyamaza kimya.

"Haya ni ya humu ndani," baba alisema. "Yasitoke mlangoni."

"Kesho utavaa ovaroli kama kawaida," mama alisema.

"Niende wapi, mama?"

"Popote, mwanangu. Utapata kazi nyingine kabla watu hawajajua."

Usiwacheke. Watu wengi wangefanya hivyo hivyo. Kijana wao alikuwa ndiye fahari ya nyumba, na fahari ikishaanguka mbele ya majirani ni vigumu kuiokota. Basi kila asubuhi Fundi alitoka na ovaroli yake iliyonyooka na boksi lake la vifaa. Akifika nyuma ya soko, aliivua, akaikunja, akavaa shati kuukuu. Alibeba magunia mpaka jioni. Kisha akajinawa, akaivaa tena, akarudi nyumbani. Majirani walimsalimu, "Pole na kazi, Fundi!" Naye aliitika, "Nimeshapoa."

* * *

Siku moja simu ya Mama Fundi iliita akiwa kazini. Ulikuwa wakati wa mapumziko. Madobi wenzake walikuwa wamekaa juu ya mabunda ya shuka, wanakunywa chai.

"Napiga kutoka chuo cha ufundi," sauti ya dada mmoja ilisema. "Tunawafuatilia wahitimu wetu. Tunataka kujua kama elimu tuliyowapa inawasaidia kazini. Namba ya kijana wako haipatikani, ndiyo maana nimekupigia wewe mzazi."

"Chuo?" Mama Fundi alisema kwa sauti kubwa kidogo. Wenzake wakageuza shingo. Mmoja akazima mashine ili asikie vizuri.

"Ndiyo, mama. Je, ana kazi?"

Mama Fundi aliwatazama wenzake. Macho yote yalikuwa kwake.

"Ndiyo. Ana kazi."

"Ile aliyosomea?"

"Ndiyo. Hiyo hiyo."

"Na mwajiri wake anaridhika naye?"

"Sana! Wanampenda sana."

"Asante, mama. Hongera."

Simu ikakatwa. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa.

"Mwenzetu!" dobi mmoja alisema. "Mpaka leo chuo kinamtafuta mwanao? Wangu hatafutwi na mtu, labda wanaomdai."

Wote wakacheka. Mama Fundi naye akacheka. Lakini hakuimaliza chai yake. Jioni hakumwambia mtu nyumbani habari ya simu ile.

* * *

Miezi ikapita. Chiriku akamaliza shule, naye akaanza kutafuta pa kwenda. Siku moja alirudi nyumbani anakimbia.

"Mama! Kaka! Nimetoka chuoni. Wamebandika tangazo getini. Wahitimu tisa kati ya kumi wa majokofu wanafanya kazi waliyosomea. Tisa! Hakuna fani nyingine yenye namba kama hiyo. Na mimi nakwenda majokofu."

Fundi alikuwa anavua viatu. Alisimamisha mkono.

"Tisa kati ya kumi?" aliuliza. "Hao tisa ni akina nani? Nilisoma nao, nawajua. Mmoja anaendesha pikipiki. Mmoja anauza viatu. Mmoja amerudi kwao kulima. Mimi nabeba magunia. Walituhesabu wapi?"

Mama Fundi alikuwa anakunja nguo. Alizidi kukunja, hata zile zilizokwisha kunjwa. Fundi akamtazama.

"Mama. Walikupigia simu?"

"Walipiga."

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia ndiyo." Mama aliinamisha uso. "Watu walikuwa wananisikiliza, mwanangu. Ningesema nini?"

Fundi hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi mama yake.

"Kule chuoni kuna mashine mpya ya baridi," alisema polepole. "Imefunikwa turubai. Mkuu wa chuo anaogopa tutaiharibu. Inafunuliwa wageni wakija. Wakiondoka, inafunikwa. Sisi tulinakili michoro ubaoni, tukafanya mtihani wa karatasi, tukapewa vyeti. Ungewaambia ukweli, mama, labda wangejiuliza kwa nini tumefeli kazini. Sasa wanaamini mambo ni mazuri. Na Chiriku anakwenda kunakili ubaoni kama mimi."

"Labda wenzako walisema ukweli," mama alijitetea.

"Wangesema, namba ingekuwa tisa?"

Mama aliiweka chini nguo aliyokuwa anakunja. Kumbe kila nyumba ilikuwa na ndiyo yake.

* * *

Jumapili iliyofuata, jirani yao Mama Barafu aligonga mlango. Aliitwa hivyo kwa sababu aliuza barafu na maji baridi kutoka kwenye friza lake la chumbani. Ndilo lililomlisha yeye na wajukuu wake.

"Mama Fundi, nimekwisha! Friza limekufa. Barafu yote inayeyuka, chumba kizima ni maji. Fundi wetu si yupo leo?"

Fundi alikuwa nyuma ya mlango. Alimtazama mama yake, akatikisa kichwa: hapana.

Mama Fundi aliona. Aliona vizuri kabisa. Lakini Mama Barafu alikuwa amesimama pale, na nyuma yake majirani wawili wamesimama kusikia.

"Yupo," alisema. "Anakuja sasa hivi."

Mlango ulipofungwa, Fundi alinong'ona, "Mama, huenda bomba la gesi limetoboka, na hilo huchomelewa kwa moto. Sijawahi kuchomelea bomba. Hata siku moja."

"Ni friza dogo tu, mwanangu. Si chumba cha maziwa. Jikaze kisabuni. Tukikataa leo, mtaa mzima utajua."

Fundi alikaa kidogo. Kisha akavaa ovaroli. Alikwenda kuazima mtungi wa kuchomelea, akaingia chumbani kwa Mama Barafu. Kilikuwa chumba kidogo, na dirisha lilikuwa limefungwa ili barafu isiyeyuke haraka. Mama Barafu na wajukuu walisubiri nje.

Ndani ya mabomba ya friza kuna gesi inayopoza. Katika mafriza mengi ya siku hizi, gesi hiyo inashika moto. Ndiyo maana kwanza gesi yote hutolewa, na chumba hufunguliwa hewa ipite. Baada ya hapo ndipo moto unawashwa. Ni jambo ambalo mwanafunzi huonyeshwa mara moja kwenye mashine na asilisahau maisha yake yote. Fundi hakuonyeshwa.

Mama Fundi alikuwa anaanika nguo uani aliposikia mlipuko. Hakuuliza ni nini. Aliangusha nguo, akakimbia.

Walimlaza Fundi katika hospitali ileile. Wodini, Mama Fundi alizitazama shuka zilizomfunika mwanawe. Alizijua. Alizifua mwenyewe wiki ile.

"Mama Barafu ni mzima?" Fundi aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Mzima, mwanangu. Na wajukuu wake wote."

"Afadhali."

Hakusema neno jingine la maana. Alifariki kabla ya wiki kwisha.

* * *

Watu waliendelea kumwita Mama Fundi. Hawakuwa na ubaya wowote. Ni mazoea tu. Lakini kila alipoitwa, moyo ulimchoma upya, na sasa hakungoja kuitwa mara mbili. Aliitika haraka, ili lipite.

Nyumbani baba hakutania tena. Alipaka kuta za watu, akarudi, akakaa. Chiriku aliyekuwa hakai kimya alikuwa anaweza kumaliza siku bila kusema maneno kumi. Na habari ya chuo ilikatazwa. "Sitatoa mtoto wa pili," mama alisema. Yakaisha.

Kisha simu ikaita tena. Mama Fundi alikuwa kazini, amesimama mbele ya mashine. Sauti ilikuwa ileile.

"Habari za siku nyingi, mama. Napiga kutoka chuo cha ufundi. Tunafuatilia wahitimu wetu kwa mara ya pili. Kijana wetu bado yuko kwenye kazi ile?"

Wenzake walikuwa wanamsikiliza, kama mara ya kwanza. Alizima mashine. Akakaa juu ya bunda la shuka.

"Hayupo," alisema.

"Amehama kazi?"

"Amefariki, dada. Na mara ile nilikudanganya. Hakuwa na kazi. Alifukuzwa kwa sababu hakuijua. Nilikuambia ndiyo kwa sababu niliona haya."

Alilia palepale, mbele ya watu aliowaogopa siku zote. Wala hawakumcheka. Walimshika mabega. Yule aliyemtania siku ile ndiye aliyelia kuliko wote.

Upande wa pili wa simu, kalamu ilisikika ikiwekwa mezani.

"Mama," dada yule alisema, "naomba nije kwenu."

* * *

Alikuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Kazi yake chuoni ilikuwa kuwafuatilia wahitimu, kwa hiyo familia ilimwita Mfuatiliaji. Alitoa pole. Baba hakumjibu vizuri.

"Umekuja kuhesabu nini tena?" baba aliuliza. "Hapa amebaki mmoja. Andika mmoja, uende."

"Baba Fundi," mama alimsihi.

"Mwache aseme, mama," Mfuatiliaji alisema. "Ana haki. Mimi ndiye niliyepiga zile simu. Nilipewa majina mengi na siku chache. Nilipiga, nikauliza, nikasikia ndiyo, nikahesabu. Asiyepatikana nilimwacha, kama vile hakusoma kwetu. Sikumuuliza mwajiri hata mmoja. Kisha mkuu akaifurahia namba, tukaibandika getini. Tulijipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na tukawapaka na nyinyi."

Baba aliinua macho. Hakutegemea mtu wa chuo aseme hivyo.

"Sasa ungetaka sisi tufanye nini?" mama aliuliza.

"Nataka kuuliza upya, nikiuliza vizuri. Mama, wewe ni dobi. Mnajuaje kama shuka imefuliwa vizuri?"

Mama alishangaa swali. "Unaitazama. Msimamizi wetu huenda wodini kabisa. Anatazama shuka ikiwa kitandani. Anawauliza manesi."

"Hamhesabu tu zilizotoka kwenye mashine?"

"Hiyo itakuambia nini? Shuka inaweza kutoka mashineni na doa lake."

"Sisi tulikuwa tunahesabu zilizotoka kwenye mashine," Mfuatiliaji alisema. "Wangapi wamefaulu mtihani, wangapi wamepata cheti. Hatukwenda wodini. Chuo cha umma ni cha watu wote. Kinaendeshwa kwa kodi ya watu. Kipimo chake ni yule kijana akiwa kazini. Je, anaiweza kazi? Anaifanya ile aliyosomea, au nyingine? Nini hakufundishwa? Hayo anayejua ni kijana mwenyewe na yule aliyemwajiri."

"Lakini kijana ataona haya, kama sisi," Chiriku alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

"Ndiyo. Kwa hiyo anaulizwa peke yake, si mbele ya watu. Anaambiwa wazi kwamba jina lake halitabandikwa popote. Na haulizwi tu kama ana kazi. Anaulizwa, 'Jana ulifanya nini, tangu asubuhi?' Hapo uongo unakuwa mgumu. Na asiyepatikana anasemwa kwamba hakupatikana. Asihesabiwe kama aliyefanikiwa, wala asifutwe."

"Na asiye na kazi?" baba aliuliza. "Si atakuwa amekiaibisha chuo?"

"Hapana, baba. Asiye na kazi akisema ukweli, amekisaidia chuo. Labda kuna kitu hatukumfundisha. Labda hakuna ajira za fani ile mjini, na sisi tunaendelea kuchukua wanafunzi wengi. Hayo ni mawili tofauti, na yana dawa tofauti. Lakini hatuwezi kujua kama kila mtu anatuambia ndiyo."

Mama Fundi alifunika uso kwa mikono. "Ningekuambia ukweli siku ile, mwanangu angekuwa hai?"

Mfuatiliaji hakumdanganya. "Sijui, mama. Hilo sijui. Ila najua mimi ningeuliza vizuri, usingeachwa uubebe mzigo huu peke yako."

* * *

Vijana aliosoma nao Fundi walikuwa wametawanyika. Mfuatiliaji aliomba Mama Fundi amsindikize kwenye nyumba zao. Baba alisita. Mama alipiga moyo konde, akaenda.

Katika nyumba ya kwanza, mama mmoja alikuwa mlangoni anapepeta nafaka.

"Wangu anafanya kazi," alisema haraka, kabla hata hawajakaa. "Tena nzuri. Wanampenda."

Mama Fundi alimkalia karibu.

"Mama mwenzangu," alisema, "maneno hayo hayo ndiyo niliyosema mimi. Wangu nimemzika."

Ungo ulisimama mikononi mwa yule mama. Akauweka chini.

"Wangu yuko ndani amelala," alisema. "Saa hizi. Hana pa kwenda. Mwiteni, mumuulize mwenyewe."

Ikawa hivyo nyumba baada ya nyumba. Kila kijana aliulizwa peke yake, na karibu kila mmoja alitaja turubai. Kisha wakaenda kwa waajiri. Msimamizi wa kituo cha maziwa alipomtambua Mama Fundi, alivua kofia.

"Mwanao alikuwa na adabu na bidii," alisema. "Lakini hakuwahi kuifungua mashine. Nilimfukuza kwa hasira. Na kabla yake nilimfukuza mwingine wa chuo hicho hicho, kwa kosa hilo hilo."

"Ulikiambia chuo?" Mfuatiliaji aliuliza.

"Hawakuniuliza." Msimamizi aligeuza kofia mikononi. "Lakini na mimi mdomo ninao. Ningeweza kusema."

Mfuatiliaji alirudi chuoni na namba mpya. Haikuwa tisa kati ya kumi. Ilikuwa watatu kati ya kumi. Mkuu wa chuo aliikataa kata kata.

"Ukibandika hii getini," alifoka, "hatupati mwanafunzi hata mmoja!"

"Mzee, tukiificha tutawapata wengi," Mfuatiliaji alijibu. "Na tutawatuma kwenye mafriza ya watu."

Walivutana siku nyingi. Wazazi waliposikia, walikwenda kusimama ofisini kwa mkuu, Baba Fundi akiwa mbele na nguo zake zenye madoa ya rangi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee, tunaomba kuiona ile mashine." Mkuu aliwatazama mmoja mmoja. Akatoa ufunguo.

Tangazo la tisa likabanduliwa. Likabandikwa la watatu, na chini yake maneno haya: "Hivi ndivyo tulivyo. Tunabadilika. Njoo uulize." Masomo ya majokofu yalisimamishwa kwanza, walimu wenyewe wakapelekwa viwandani kunoa mikono. Turubai likaondolewa. Ikaamuliwa kwamba mwanafunzi hapewi cheti mpaka achomelee bomba kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya fundi aliyeko kazini nje ya chuo, siyo mwalimu wake tu. Kila mmoja akakae kwa waajiri miezi kadhaa kabla ya kumaliza. Msimamizi wa maziwa akawa wa kwanza kuwapokea.

Mama Fundi alikwenda kulisoma lile tangazo. Alisimama getini peke yake. Mwanawe hakuwa kati ya wale watatu. Alikuwa kati ya wale saba, na kwa mara ya kwanza alikuwa amehesabiwa sawasawa. Alilia pale mpaka mlinzi wa geti akamletea kiti.

* * *

Masomo yalipofunguliwa tena, Chiriku alisema anataka kwenda.

"Hapana," mama alisema.

"Mama, nimewaza sana."

"Nimesema hapana."

Baba ndiye aliyeingia kati. "Twende tukaone kwanza. Tuone kwa macho, tuulize kwa mdomo. Kama bado wanachora ubaoni, tunarudi naye."

Wakaenda. Waliikuta mashine imefunguliwa, ina mafuta na alama za vidole kila mahali. Baba alimuuliza mwalimu, "Mwanafunzi anaishika mara ngapi kwa wiki?" Mama alimuuliza, "Waliotangulia wako wapi sasa, na nani aliyewauliza?" Mwalimu alijibu bila kuzunguka. Pale asipojua alisema sijui. Mama Fundi alitangulia mbele njia nzima ya kurudi. Walipofika nyumbani alisema, "Nenda." Kisha akaingia chumbani, akajifungia.

Chiriku alisoma. Alirudi nyumbani na kucha nyeusi na hadithi nyingi. Mdomo ukamrudia kidogo kidogo. Halafu ikafika siku ya mtihani wa vitendo. Mama aliomba ruhusa kazini, akakaa nyumbani anasubiri.

Chiriku aliingia akiwa analia.

"Nimerudishwa, mama. Sikufaulu. Nitarudia muhula mzima."

"Umefanya nini?"

"Nilikuwa na haraka. Nilitaka niwe wa kwanza. Nikawasha moto gesi haijatoka yote. Yule fundi mtahini alinishika mkono. Akazima moto. Akasema, 'Toka. Rudi ukajifunze.' Mbele ya wenzangu wote, mama."

Mama Fundi alikaa chini sakafuni.

"Alikushika mkono?"

"Alinishika kwa nguvu. Mama, watu wakiniuliza nitawaambia nini? Mtaa mzima unajua leo ni mtihani."

Mama alimvuta, akamkumbatia kama mtoto mdogo. Alizibusu zile kucha nyeusi. Kisha akamwekea chakula, akachukua ndoo, akatoka kwenda bombani.

Bombani kulikuwa na foleni. Mama Barafu alikuwa mbele, na majirani wengine nyuma yake.

"Mama Fundi!" Mama Barafu aliita. "Vipi, binti amefaulu?"

Watu wote waligeuka wasikie.

"Hapana," Mama Fundi alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni. "Hakufaulu. Aliwasha moto gesi ikiwa bado ndani. Wakamshika mkono, wakamrudisha akajifunze."

Mama Barafu aliacha ndoo yake ijae mpaka maji yakamwagika miguuni. Hakuyaona.

"Kwa hiyo ni mzima?" aliuliza.

"Ni mzima," Mama Fundi alisema, na machozi yakamshuka. "Yuko ndani. Anakula."